Nyota Iliyoruka Kando ya Bellevue

Mtu aishikaye barabara ya Rockey wakati wa asubuhi, akiiacha Yeoville nyuma yake na kuingia Bellevue, hupita katikati ya ndimi nyingi ambazo wapimaji wa kwanza wa viwanja vya mtaa huu, waliofika miaka michache tu baada ya dhahabu kugunduliwa Johannesburg mwaka wa 1886, hawakuzitazamia kamwe: Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi, Kilingala, Kizulu, Kireno cha Msumbiji, na juu ya zote hizo sauti za watu wanaosema kwa simu na jamaa zao walio mbali nao kwa safari ya siku kadhaa. Akizidi kuelekea mashariki, hata nyumba zikaanza kupanda, atauona mgongo wa mawe wenye miti, na kati ya miti hiyo makuba ya nyumba za darubini. Kilima hicho, kilichoupa mtaa wa jirani jina lake la Observatory, ndicho kisa changu. Kwa sababu hapo, muda mrefu kabla ya kuwako mitambo mikubwa ya Ufaransa na Japani na Uchina ambamo wataalamu wa leo hujaribu kuwasha duniani moto uwakao ndani ya nyota, watu wachache walijifunza namna ya kuitazama nyota moja wakiwa mbalimbali, kila mmoja na chombo chake, na kusadikiana juu ya walichokiona.

Kituo kilianza kwa unyonge mwaka wa 1903, Transvaal ikiwa mikononi mwa Waingereza baada ya vita vyao na Makaburu, na kazi kilichopewa ilikuwa ya hali ya hewa: kupima mvua, upepo na joto. Aliyekabidhiwa, Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh wa mwaka 1861, hakuwa na shahada ya chuo chochote. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo mjini Sydney, na usiku, duka likiisha kufungwa, akitafuta nyota pacha kwa darubini, mpaka David Gill, mkuu wa kituo cha kifalme cha falaki huko Rasi ya Tumaini Jema, akamchukua mwaka wa 1896 awe katibu wake. Mtu wa namna hiyo hakuweza kuwekwa juu ya kilima chenye anga safi kama ile ya nyanda za juu, akaridhika na kupima mvua. Mwaka wa 1907 akapata darubini ya inchi 9. Baadaye ikaja kamera ya nyota ya John Franklin-Adams, tajiri wa Kiingereza aliyekuwa ameazimia kuipiga picha mbingu yote. Na mwaka wa 1912, Muungano wa Afrika Kusini ukiisha kuundwa, kituo kikaitwa rasmi Union Observatory, yaani kituo cha falaki cha Muungano.

Chombo ambacho ningependa msomaji akitazame kwa karibu ni kingine, kidogo, kilichoweza kukaa juu ya meza, kazi ya mafundi wa Zeiss wa mji wa Jena. Vioo viwili vya picha za upande ule ule wa mbingu, vilivyopigwa kwa nyakati mbili zilizoachana, huwekwa ubavu kwa ubavu, na mtazamaji huweka jicho lake kwenye tundu moja; kisha kwa kuchezesha kipini huonyeshwa kioo cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha kwanza tena, kama jicho linalopepesa. Katika kioo cha picha nyota hutokea nyeusi na mbingu hutokea nyeupe, hata mtu hudhani amemwagiwa ufuta mweusi juu ya sinia. Maelfu ya punje hizo hutulia tuli. Walakini ile iliyosogea kati ya picha ya kwanza na ya pili huruka huku na huku mbele ya jicho, na kwa kuruka huko hujitoa katika umati wa wenzake. Ni kazi ya kuchosha shingo na kukausha macho, wala hakuna awezaye kuiharakisha.

Ndivyo Innes alivyokaa mbele ya vioo vya mwaka wa 1910 na wa 1915, vya pande zile za Alfa Kentauri, nyota iliyojulikana kwa muda mrefu kuwa jirani wa karibu kabisa wa jua letu. Akaona punje hafifu, mbali na nyota ile kubwa kiasi cha digrii mbili, ikiruka. Mwendo wake na upande wake ulilingana na wa Alfa Kentauri yenyewe, mithili ya mtoto anayefuata msafara kwa mbali asiachwe. Oktoba 1915, Ulaya ikiwa katika moto wa vita, na kazi ya kupasha habari za falaki kwa telegramu iliyokuwa Kiel nchini Ujerumani ikiwa imehamia Copenhagen, katika nchi isiyopigana, akaitangaza nyota hiyo katika waraka wa kituo chake. Chombo cha Wajerumani, kamera ya Mwingereza, na jicho la Mskochi juu ya kilima cha Afrika: vitu ambavyo wenye navyo, kama wangekutana Ulaya mwaka ule, wangekutana kwa mizinga.

Lakini kusogea si dalili tosha ya ujirani. Ili kujua umbali wa nyota, yapasa kuitazama wakati dunia iko upande mmoja wa jua, na tena miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili, na kupima jinsi nyota inavyoonekana kuhama mbele ya zile zilizo mbali zaidi. Na kipimo chenyewe ni kidogo mno. Huko Rasi, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kilimani, Joan Voûte, Mholanzi mzaliwa wa Java, aliishika kazi hiyo kwa picha, na mwaka wa 1917 akatoa kipimo. Innes naye akapima kwa jicho na darubini yake ya inchi 9, akatangaza kwa ujasiri kuwa nyota yake iko karibu kuliko Alfa Kentauri, na akapendekeza iitwe Proxima, maana yake iliyo karibu kabisa. Kwa haki, ujasiri wake ulikuwa mkubwa kuliko kipimo chake kilivyoruhusu, na naona si kumvunjia heshima kulisema hilo. Aliyemthibitishia ni mtu mwingine, Harold Alden, aliyeletwa na Chuo Kikuu cha Yale kukiendesha kituo ambacho Wamarekani walikijenga Johannesburg mwaka wa 1925. Mwaka wa 1928 kipimo chake kikaonyesha kwamba Innes alikuwa amesema kweli. Hesabu ya leo ni miaka 4.24 ya nuru, na nyota nyingine iliyo karibu zaidi haijapatikana.

Katika miaka hiyo yote hakuna aliyejua kwa yakini nyota huunguza nini. Mwaka wa 1920 Francis Aston alipima akaona kuwa kiini kimoja cha heliamu ni chepesi kidogo kuliko viini vinne vya haidrojeni vikijumlishwa. Na mwaka ule ule, katika hotuba aliyoitoa Cardiff, Arthur Eddington akasema kwamba huenda huo upungufu mdogo, ukigeuka kuwa nguvu, ndio unaolilisha jua na nyota zote, na kwamba huenda siku moja mwanadamu akauweza. Mwaka wa 1925 Cecilia Payne, katika tasnifu yake ya Harvard, akaonyesha kuwa nyota karibu zote ni haidrojeni tupu pamoja na heliamu. Na mwaka wa 1939 Hans Bethe akaeleza kwa hesabu jinsi viini hivyo vinavyoungana. Hapo ndipo ile punje ya ufuta ilipopata maana yake: nyota ndogo, yenye uzito upatao sehemu 12 tu katika 100 za uzito wa jua, inayounganisha viini vyake polepole, kama mtu anayekoka moto kwa kijiti kimoja kimoja, hata moto wake utaendelea kuwaka kwa matrilioni ya miaka baada ya jua letu kuzimika.

Sasa nifike kwenye jambo linalonishughulisha. Mwaka wa 1923 Innes alisafiri Leiden, akapewa shahada ya heshima, na kituo chake kikafunga mapatano na kile cha Waholanzi: wanafalaki wa Leiden, ambao mbingu yao ya kaskazini haikuwaonyesha nyota za kusini, wangekuja Johannesburg kuzitumia darubini za kilimani. Akaja Ejnar Hertzsprung, Mdenishi mwenye sifa kubwa. Akaja Willem van den Bos mwaka wa 1925, akalowea moja kwa moja, na baadaye akawa mkuu wa kituo na mvumbuzi wa nyota pacha karibu 3,000. Na tangu mwaka wa 1928 hadi kufa kwake mwaka wa 1947 akakaa Hendrik van Gent, mwakilishi wa Leiden, akipiga picha usiku baada ya usiku. Vioo vya picha hizo vilifungwa katika makasha, vikateremshwa bandarini, vikasafirishwa kwa meli hadi Uholanzi, na huko ndiko vilikopimwa, vikahesabiwa na kuandikiwa vitabu. Ushirikiano wa watu walio mbali hupambanuka, nadhani, kwa jambo hili moja kuliko jingine lolote: picha inapigwa wapi, na inasomwa wapi. Picha za Innes zilipigwa kilimani na zikasomwa kilimani. Ndiyo maana jina alilolichagua yeye ndilo linaloandikwa katika vitabu vya ulimwengu wote. Mahali picha zinapopigwa na kuondoshwa hubaki jicho lisilo na kichwa, hata kama kuba lake ni zuri na anga yake ni safi.

Wala sisemi kwamba kusaidiana na wa mbali ni hasara, maadamu kila upande una cha kusoma. Orodha kubwa ya nyota pacha za kusini, iliyotolewa mwaka wa 1927, ilikuwa kazi ya Innes na van den Bos pamoja na Bernhard Dawson wa La Plata nchini Argentina, watatu hao wakitenganishwa na bahari nzima ya Atlantiki. Na mwaka wa 1931, sayari ndogo iitwayo Eros ilipopita karibu na dunia, vituo vingi vya pande zote za ulimwengu viliipima kwa pamoja ili umbali wa jua ujulikane, na Harold Spencer Jones akatumia karibu miaka kumi kuzipatanisha hesabu zao. Lakini van den Bos na William Finsen, kwa darubini kubwa ya inchi 26 na nusu iliyosimamishwa kilimani mwaka wa 1925, waliona jambo ambalo hawakuagizwa kulitazama, kwamba Eros si duara, ni kitu kirefu kinachobiringika.

Msomaji wa Pwani ana haki ya kuambiwa habari moja zaidi ya kilima hiki. Julai 1937, Cyril Jackson, mwanafalaki wa hapo, aligundua katika vioo vyake sayari ndogo mbili, akaziita Pemba na Mombasa. Mwezi wa Mei wa mwaka ule alikuwa ameipata nyingine iitwayo Ruvuma, na miaka minne kabla yake Kenya na Uganda. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo Pemba huonekana kwa mashua ya asubuhi nilipoliona jina hilo katika orodha, nambari 1429, nilinyamaza kitambo. Naam, jambo la kuangaliwa ni hili: sayari ndogo haipewi nambari kwa kuonwa mara moja. Yapasa ionwe usiku mwingi, aghalabu na watazamaji wa vituo mbalimbali, na vipimo vipelekwe mahali pamoja vikahesabiwe. Na katika miaka hiyo mahali hapo palikuwa Berlin, katika taasisi ya hesabu za falaki. Pemba ilionwa Johannesburg, ikapata nambari kwa hesabu za Ujerumani, na Wapemba wenyewe, kwa kadiri nijuavyo, hawakupelekewa salamu.

Tukiwa katika habari ya wasioarifiwa, isisahauliwe kwamba katika miaka hiyo Bellevue ilikuwa makazi ya wazungu, Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki na wahamiaji wengine, na kwamba sheria, hasa ile ya mwaka wa 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi za watu, ziliwazuia Waafrika kukaa humo isipokuwa kwa utumishi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1991. Kituo cha falaki kilikuwa kimekwisha kufungwa miaka ishirini kabla, mwishoni mwa mwaka wa 1971, kwa kuwa taa za Johannesburg zilikuwa zimeishinda anga yake, na kazi ya falaki ikahamishiwa nyika za Sutherland. Watu ambao wangeweza kukipanda kilima kutoka Bellevue na kusoma vioo hivyo walifika wakakuta makuba yamefungwa.

Wakati darubini za kilimani zilipokuwa zikififia, moto wa nyota wenyewe ulikuwa umeanza kutafutwa duniani. Mwanzoni ulitafutwa kwa siri, Waingereza, Wamarekani na Warusi kila mmoja akificha, mpaka Mrusi Igor Kurchatov alipotoa hotuba yake ya wazi kule Harwell, Uingereza, mwaka wa 1956, na Mkutano wa Geneva wa mwaka wa 1958 ukafungua milango. Mwaka wa 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Warusi walisema kuwa katika chombo chao walichokiita tokamaki, chenye umbo la bangili nene iliyozungushiwa sumaku, plazima, yaani hewa iliyopashwa moto hata atomu zake zikapokonywa elektroni, imefikia joto la kiasi cha digrii milioni kumi. Wengi hawakusadiki. Lev Artsimovich, kiongozi wa Warusi hao, akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni la heshima kuliko ugunduzi wenyewe: akawaita wapinzani waje wapime kwa vyombo vyao. Mwaka wa 1969 Waingereza wa maabara ya Culham wakafika Moscow na tani kadhaa za vyombo, wakaangaza miali ya leza ndani ya plazima, wakapima jinsi miali hiyo ilivyotawanyika, na wakakuta kuwa Warusi wamesema kweli. Ilikuwa kazi ya Alden kwa Innes, safari hii ikivuka mpaka wa vita baridi. Na kabla ya mwaka mwingine kwisha, maabara za nchi nyingi zilikuwa zikijenga bangili zao.

Afrika Kusini nayo ilijenga. Katika miaka ya 1980, huko Pelindaba, kati ya Johannesburg na Pretoria, wataalamu wa shirika la atomiki walikuwa na tokamaki ndogo waliyoiita Tokoloshe, jina la kijini kifupi cha hadithi za Wazulu na Waxhosa. Chombo kilikuwa cha kweli, na maandiko ya kitaalamu yaliyotokana nacho yalichapishwa katika majarida ya nje. Lakini serikali ya ubaguzi, iliyokuwa ikitengeneza silaha za nyuklia papo hapo Pelindaba na jirani yake, ilikuwa imekwisha kuvuliwa kiti chake katika baraza la Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka wa 1977, na wajumbe wake wakakataliwa katika mkutano wa New Delhi wa mwaka wa 1979. Moto ambao dunia nzima ilikuwa ikiutafuta kwa kuitana ulitafutwa pale na watu ambao hawakuweza kuitwa. Mradi ule ulikoma, na bara letu likakosa hiyo tokamaki yake.

Njia nyingine ilikuwako, nayo ilikuwa nyenyekevu zaidi. Mwaka wa 1985 na 1986, katika Chuo Kikuu cha Malaya mjini Kuala Lumpur, profesa Sing Lee aliwakusanya wanafizikia wa nchi za Asia na Afrika, wakafundishwa kuunda kwa mikono yao chombo kidogo cha kubana plazima, na vyombo vya namna hiyo vikapelekwa makwao wakavitumie huko. Mwaka wa 1988 wakaunda chama chao cha mafunzo ya plazima cha Asia na Afrika. Chombo kile hakingeweza kuwasha moto wa kupikia hata chai, lakini kila aliyekwenda nacho nyumbani alikuwa na kioo chake cha kusoma.

Mitambo ya leo ni mikubwa mno kwa nchi moja kuimiliki. Mkataba wa ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa, ulitiwa saini Paris tarehe 21 Novemba 2006, kati ya Umoja wa Ulaya, Uchina, Uhindi, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani, na mtambo unajengwa kusini mwa Ufaransa. Afrika haimo katika hao saba. Kwa kuwa haiwezekani maelfu ya wataalamu kuhamia kijiji kimoja, umbali umefanywa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Mwaka wa 2015 Wamarekani walioketi San Diego, kwao kukiwa mchana, waliendesha majaribio katika tokamaki ya EAST iliyoko Hefei, Uchina, ambako wenyeji walikuwa usiku, na hivyo zamu ya usiku ikafanywa na watu waliokuwa macho kwa jua la kwao. Wajapani nao, waliokosa kuupata mtambo wa ITER nchini mwao, walijenga huko Rokkasho, kaskazini ya kisiwa cha Honshu, chumba cha kushiriki majaribio kwa mbali, na wakataka jambo lililo la busara kabisa: vipimo vya ITER vinakiliwe vyote hadi Rokkasho, vikae hapo, visomwe hapo. Walielewa walichokosa, na walichagua vizuri cha kudai badala yake.

Kilimani, juu ya barabara ya Gill, darubini ya inchi 26 na nusu ingali ndani ya kuba lake, na wapenzi wa falaki hukutana hapo. Katika jioni za Juni, baridi ikiwa kali na anga kavu, Alfa Kentauri husimama juu upande wa kusini, na aliye Bellevue huiona kwa macho matupu akiwa mlangoni mwa duka, taa za barabarani zikimzunguka. Kwa darubini, ile moja hugeuka kuwa mbili, za rangi ya asali, zinazozungukana kwa muda wa miaka themanini hivi. Ya tatu hawezi kuiona hapo. Yapasa darubini isogezwe polepole kuelekea kusini magharibi, upana wa miezi mipevu minne iliyopangwa, mpaka pahali penye punje nyingi hafifu zinazofanana. Na mojawapo yao, isiyoweza kutambulikana bila ramani, ndiyo.